Tabaka na Nafsi katika Hadithi Fupi: Namna ya Kuyapima kwa Uhakiki

I

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa mifano, namna uhakiki wa fasihi unavyoweza kutumiwa kuchunguza mambo mawili katika hadithi fupi. La kwanza ni tabaka la mhusika, yaani mahali pake katika mgawanyo wa kazi na mali. La pili ni nafsi yake, yaani jinsi anavyojijua mwenyewe na jinsi wengine wanavyomtambua. Mambo haya hutajwa pamoja mara nyingi, na kwa sababu hiyo watu hudhani ya kuwa ni jambo moja. Lakini mtu aweza kubadili jina, mavazi na lugha katika siku moja, na kesho yake akaamka katika kazi ile ile na deni lile lile. Aweza vile vile kupata mali nyingi na bado akaitwa kwa jina la zamani. Hadithi fupi iliyo nzuri hukaa katika nafasi iliyo baina ya mambo hayo mawili, na kazi ya mhakiki ni kuipima nafasi hiyo.

Jambo hili haliwahusu wataalamu peke yao. Hadithi fupi zimekuwa miongoni mwa vitabu vya mtihani katika shule zetu, na vijana wengi hujifunza uhakiki kwa njia hiyo. Aghalabu wanachofundishwa ni kuwagawa wahusika katika vikapu viwili: huku matajiri, kule maskini, huku waonevu, kule wanyonge. Fikiri, basi, hali ya mwanafunzi aliyezaliwa katika kibanda cha mabati. Asoma hadithi ya watu wa vibanda, kisha aambiwa aandike ya kuwa watu hao ni "ishara ya unyonge". Akiandika hivyo hupata alama zake. Lakini amefundishwa kumtazama mama yake kama ishara. Uhakiki wa namna hiyo wadai kuwatetea maskini, na huku wawanyang'anya kile ambacho hadithi iliwapa, yaani nafsi. Kwa hivi yafaa tuutafute uhakiki ulio bora zaidi.

II

Tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha yetu imehifadhi ndani yake historia ya jambo hili. Neno "tabaka" latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kilichotandikwa juu ya kingine. Twasema tabaka za udongo au tabaka za mwamba. Katika maana hiyo aliye chini hubeba uzito wa aliye juu, na picha hiyo yafaa kukumbukwa kila neno linapotumiwa juu ya watu.

Maneno yatumikayo kumtaja mwenye mali nayo yana mafunzo. "Tajiri" kwa asili ya Kiarabu ni mfanyabiashara. "Bepari", neno lililotoka katika lugha za Bara Hindi, nalo ni mfanyabiashara. Yaani pwani yetu ilimjua mwenye mali kwanza kama mtu wa soko na jahazi. "Kabaila", neno lenye uhusiano na "kabila", lilikuwa na maana ya mtu wa nasaba bora, mwenye cheo kwa kuzaliwa. Ilipofika 1967, Azimio la Arusha likautaja ubepari na ukabaila pamoja kuwa mambo yasiyo na nafasi katika nchi ya kijamaa. Tangu hapo maneno hayo mawili yamezoeleka kutajwa kama mapacha, ingawa moja lilitoka sokoni na la pili lilitoka katika nasaba.

Lakini neno lililo zito kuliko yote ni "mwungwana". Mwungwana hakuwa lazima tajiri. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mtu wa mji, mwenye dini, mwenye adabu ya maneno. Kinyume chake kwa sheria ni "mtumwa", na kinyume chake kwa tabia na mahali ni "mshenzi". Utumwa ulipoondolewa nguvu ya kisheria, Unguja na Pemba katika 1897, pwani ya Kenya katika 1907, na Tanganyika katika 1922, maneno haya hayakufa. Yalihama kutoka katika sheria yakaingia katika tabia. Leo mtu ye yote aweza kusifiwa kuwa mwungwana, na mtu ye yote aweza kutukanwa kuwa mshenzi. Lakini tusi hilo lingali na harufu ya pale lilipotoka. Basi katika Kiswahili tabaka na nafsi zilikwisha kufungwa pamoja katika neno moja kabla mhakiki hajafika na nadharia yake.

Neno "nafsi" nalo lina bahati njema. Katika maisha nafsi ni roho ya mtu na jinsi anavyojihisi. Katika sarufi nafsi ni tatu: asemaye, asemezwaye, na asemwaye. Mgawanyo huo wa sarufi ni chombo kizuri cha uhakiki. Katika hadithi yo yote twaweza kuuliza: ni nani apewaye haki ya kusema "mimi"? Ni nani aitwaye "wewe"? Na ni nani ambaye siku zote husemwa tu, akawa "yeye" mpaka mwisho?

III

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tuchague hadithi fupi, na riwaya ina nafasi kubwa zaidi ya kuonyesha jamii. Jibu lipo katika ufupi wenyewe. Edgar Allan Poe, alipoandika juu ya hadithi za Hawthorne katika 1842, alishikilia ya kuwa hadithi fupi hulenga athari moja, na kila neno hupaswa kuitumikia athari hiyo. Riwaya yaweza kueleza jinsi mali ilivyokusanywa kwa vizazi vitatu. Hadithi fupi haiwezi. Hulazimika kulionyesha tabaka kwa ishara moja: hodi mlangoni, sahani, kiatu, jina.

Frank O'Connor, mwandishi wa Ireland, aliongeza hoja nyingine katika kitabu chake cha 1963, The Lonely Voice. Kwa maoni yake, riwaya huihitaji jamii iliyotulia ambayo mtu aweza kujihesabu ndani yake; hadithi fupi hustawi zaidi miongoni mwa watu waliozamishwa, walio pembezoni mwa jamii, wasio na mwakilishi. Hoja hiyo yaweza kupingwa katika sehemu zake, lakini yatufaa kwa sababu yatuonya tusiwatafute wahusika wa hadithi fupi katikati ya jamii. Tuwatafute ukingoni, mahali ambapo tabaka huumiza na nafsi haina hakika.

IV

Kwa kazi hii napendekeza maswali manne. Si kanuni za lazima; ni mpangilio tu wa kumwongoza msomaji asipotee.

Swali la kwanza: nani humpa mhusika jina, na mhusika humwitaje mwenzake? Swali la pili: nani husema, kwa lugha gani, na nani husikilizwa? Swali la tatu: ni kitu gani kinachopita mkononi, yaani fedha, chakula, nguo au ardhi, na kazi ya nani ndiyo iliyokitoa? Swali la nne: hadithi inapokwisha, ni maelezo ya nani yanayobaki kuwa ndiyo maelezo ya mambo yaliyotokea?

Maswali mawili ya kwanza huelekea upande wa nafsi. La tatu huelekea upande wa tabaka, kwa maana iliyofundishwa na Marx, kwamba tabaka hupimwa kwa uhusiano wa mtu na nyenzo za kuzalishia mali. La nne huziunganisha pande zote mbili. Tuyajaribu sasa katika hadithi tatu.

V

Hadithi ya kwanza ni "Minutes of Glory" ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyomo katika mkusanyo Secret Lives uliotolewa katika 1975. Mhusika mkuu ni mwanamke ahudumuye katika vilabu vya pombe nchini Kenya baada ya uhuru. Jina lake ni Wanjiru, lakini apenda zaidi aitwe Beatrice, jina la ubatizo, kwa kuwa aliona ni safi na zuri zaidi. Mhakiki mwenye haraka atasema hapa: huyu amepoteza utambulisho wake wa Kiafrika; ana kasumba ya kikoloni. Maneno hayo si uwongo. Fanon alikwisha kuonyesha katika 1952, katika kitabu chake juu ya ngozi nyeusi na vinyago vyeupe, jinsi mtawaliwa anavyotafuta thamani yake katika lugha na sura ya mtawala.

Lakini tukiuliza swali la tatu, maana yapanuka. Katika klabu hiyo mwili wa mhudumu ni sehemu ya biashara. Wanaume wenye magari hutazama, hulinganisha, na kuchagua. Asiyechaguliwa hupungukiwa na mapato na heshima kwa pamoja. Kwa hivi jina "Beatrice" ni ndoto ya mtawaliwa, na pia ni chombo cha kazi, kama vile kiatu kizuri kwa mchuuzi. Anapotaka kuibadili rangi ya ngozi yake, hujaribu kuingia katika soko ambalo bei zake zilipangwa na wengine. Hapa ndipo nafsi na tabaka zinapokutana. Haja ya kuwa mtu mwingine ni haja ya moyo, nayo imetiwa bei.

Kuna mwanamume mmoja, mwenye lori, ambaye naye ametengwa na matajiri wakubwa wa klabu. Humweleza Beatrice masumbuko yake, naye husikiliza. Usiku mmoja Beatrice ajaribu kueleza masumbuko yake mwenyewe. Mwanamume yule alala usingizi. Hapo swali la pili lajibiwa kwa ukamilifu kuliko kurasa kumi za nadharia. Wote wawili wamedharauliwa na walio juu yao, lakini unyonge wao haukuwafanya kuwa sawa: mmoja amenunua haki ya kusikilizwa, na wa pili hana cha kuinunulia. Kimberlé Crenshaw, katika 1989, alipoeleza jinsi uonevu wa rangi na wa jinsia unavyokutana katika mtu mmoja, aliwapa wataalamu jina la jambo ambalo hadithi hii ilikwisha kulionyesha kwa njia yake.

Beatrice aiba fedha za yule mwanamume, aenda Nairobi, ajinunulia mavazi, kisha arudi katika klabu ile ile akiwa mtu mpya. Kwa muda mfupi kila jicho lamtazama. Kisha akamatwa. Msomaji apaswa kuona ya kuwa hakukimbia, na mtu aliyetaka fedha tu angalikimbia. Alirudi kwa sababu nafsi haitimii mpaka itambuliwe na wale walioidharau. Na kule kutambuliwa kukamgharimu uhuru wake. Katika kikapu cha "maskini" jambo hilo halionekani kabisa.

VI

Hadithi ya pili ni "La Noire de..." ya Ousmane Sembène wa Senegal, iliyotolewa katika mkusanyo Voltaïque katika 1962, na ambayo mwandishi mwenyewe aliifanya filamu katika 1966. Diouana, msichana mtumishi wa nyumbani mjini Dakar, achukuliwa na waajiri wake Wafaransa mpaka Antibes, kusini mwa Ufaransa. Huko ajikuta ndiye mpishi, ndiye yaya, ndiye dobi, pasipo mwenziwe wa kuzungumza naye. Mwisho ajiua bafuni. Hadithi yaanza na kifo hicho, katika Juni 1958, polisi wakichunguza. Kisha yarudi nyuma kutueleza yaliyotangulia.

Tutazame anwani yake. Maana yake ni "Mwanamke mweusi wa...", na baada ya neno "wa" hapana jina, ila nukta tatu. Mwenye Kiswahili huelewa upesi nguvu ya jambo hili, kwa kuwa kiunganishi chetu cha -a humilikisha kitu kwa mwenyewe: nyumba ya fulani, shamba la fulani. Diouana naye ametiwa katika muundo huo huo. Ana rangi na ana mwenyewe. Jina lake halimo. Mwenyewe naye hakutajwa, kana kwamba waweza kutia jina lo lote katika nafasi ile na sentensi ikabaki sahihi.

Swali la pili latuonyesha ya kuwa Diouana hakusema sana katika lugha ya waajiri wake. Gayatri Spivak aliuliza katika 1988 kama mnyonge wa chini kabisa aweza kusema. Swali hilo mara nyingi hufahamika vibaya, kana kwamba wanyonge hawana maneno. Maneno wanayo; linalokosekana ni mahali pa kuyapokea. Msimulizi wa Sembène ndiye anayejenga mahali hapo, kwa kutupa mawazo ya Diouana ambayo hapana mtu katika nyumba ile aliyeyauliza.

Lakini ufunguo wa hadithi hii ni swali la nne. Mwishoni gazeti laandika habari fupi ya kifo hicho, na sababu linayotoa ni kwamba msichana alijiua kwa kuwatamani watu wa kwao na nchi yake. Tufikiri vema maelezo hayo. Yataja asili ya marehemu, utamaduni wake, na hisia zake. Yaani yataja nafsi. Wala hayana matusi. Hata yaonekana kuwa na huruma. Kile yasichokitaja ni kazi: saa zake, upweke wake, na kule kuahidiwa jambo moja na kupewa lingine. Gazeti limeitumia nafsi ili kuifunika tabaka. Limesema "alikuwa mgeni" ili lisiseme "alitumikishwa". Hili ni onyo kubwa kwa wahakiki wa siku hizi, ambao hupenda mno kuzungumza juu ya utambulisho. Kutaja utamaduni wa mtu kwaweza kuwa njia ya adabu ya kuepuka kutaja ujira wake.

VII

Hadithi ya tatu ni "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, iliyoupa jina mkusanyo uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda katika 2016. Mahali ni Madongoporomoka, mtaa wa vibanda ambao wakazi wake wana hofu ya kuondolewa ili mji upanuke. Siku moja laingia Jitu katika mkahawa wa Mzee Mago, lala chakula chote kilichokuwapo, na kuagiza zaidi kwa siku nyingine. Baadaye yaja mabuldoza.

Hapa swali la majina lajibiwa kwa njia iliyo kinyume cha Sembène. Mnyonge ana jina: Mago. Mtaa una jina. Aliye na nguvu ndiye asiye na jina. Ni Jitu tu. Mwanasarufi ataona jambo zaidi. Mzizi -tu waweza kuingia katika ngeli mbalimbali: mtu, kitu, jitu, utu. Mali na nguvu zinapopita kiasi, mtu hutoka katika ngeli ya watu, akaingia katika ngeli ya vitu vikubwa. Na kule alikotoka aliacha utu. Hapa mwandishi hakuhitaji kutoa hotuba juu ya unyonyaji. Amebadili kiambishi kimoja, na mwenye lugha ameelewa.

Mkahawa wenyewe huitwa Mkahawa Mshenzi. Tukikumbuka yale yaliyosemwa juu ya uungwana, twaona ya kuwa jina hilo si mzaha mtupu. Neno lililotumiwa na watu wa mji kumtenga mtu wa nje limeokotwa na kutundikwa mlangoni, mahali penye chakula na mazungumzo. Walioitwa washenzi ndio wanaoketi pamoja na kushauriana juu ya haki yao. Alaye peke yake bila kushiba ndiye ajaye na sura ya maendeleo. Daraja za zamani zimegeuzwa, na lililozigeuza ni jina la mkahawa.

Katika mkusanyo huo huo imo hadithi ya Kenna Wasike, "Mapenzi ya Kifaurongo", ambayo yafaa kusomwa sambamba na hii. Humo Dennis, kijana wa jamaa maskini aliyefika chuo kikuu, apendwa na Penina, binti wa jamaa yenye uwezo. Elimu inaposhindwa kumpatia kazi, na mapenzi nayo hukoma. Madongoporomoka tabaka hubomoa nyumba; hapa hubomoa haya ya mtu mbele ya ampendaye. Elimu ilimpa Dennis nafsi ya msomi, lakini haikumpa mahali pa kusimama nayo. Msomaji aliye chuoni ataelewa upesi kwa nini hadithi hii yapendwa na kuogopwa kwa pamoja.

VIII

Katika mifano hii twaweza kuona hatari mbili. Hatari ya kwanza ni ya uhakiki wa kitabaka uliokauka, ambao hujua jibu kabla ya kusoma. Kwake Beatrice ni mnyonywaji, Diouana ni mnyonywaji, Mago ni mnyonywaji. Na hadithi tatu zimekuwa moja. Hatari ya pili ni ya uhakiki wa utambulisho uliosahau mkate, ambao huzungumza juu ya majina, rangi na lugha kana kwamba watu hawali. Huo waweza kuishia mahali pale pale lilipoishia gazeti la Antibes. Kinga ya hatari zote mbili ni kurudi katika maneno ya hadithi yenyewe: jina gani, kiambishi gani, nani alilala wakati mwenzake akisema.

Hapana budi kuongeza ya kuwa mhakiki naye ana tabaka lake. Kiswahili sanifu tunachoandikia, ambacho msingi wake uliwekwa juu ya lahaja ya Kiunguja na kusimamiwa tangu 1930 na kamati ya nchi za Afrika Mashariki, ni lugha ya shule na ofisi. Mhusika wa kibandani akisema kwa lafudhi ya mtaani, nasi tukaandika pembeni ya kuwa "lugha yake ina makosa", tumemhukumu kwa sheria ya mji kabla hatujamsikiliza. Kazi ya lugha katika hadithi ni kuonyesha mtu alipo. Mhakiki aulize kwanza msemo ule wafanya kazi gani, ndipo auite kosa kama lingali kosa.

Maswali manne niliyoyataja hayatoshi kwa kila hadithi, na wenzetu wanaofundisha ushairi na tamthilia huenda wakaona ya kuwa yanahitaji kurekebishwa ili yafae kwao. Yafaa yajaribiwe hasa katika hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili cha Kongo na katika maandishi ya vijana wa mijini, ambako majina ya tabaka yangali yakizaliwa. Neno "walalahoi" laeleweka leo bila kamusi. Ingekuwa kazi yenye faida mtu kuchunguza ni nani aliyelitamka kwanza katika hadithi zetu: wale waliolala hoi wenyewe, au wale waliowatazama wakilala.